Kifurushi cha kuunda gitaa la umeme: unalipia shingo, mengine yako mjini

Ukiagiza kifurushi cha kuunda gitaa la umeme nyumbani, jua kwamba pesa yako inanunua shingo. Kiwiliwili, fundi wa Gikomba hapa Nairobi atakukatia kizuri zaidi. Nyaya na kapasita zimejaa Luthuli Avenue, na rangi utachanganyiwa ukisubiri pale Kirinyaga Road. Lakini shingo iliyonyooka, yenye chuma cha kuirekebishia ndani yake na mifereji 22 ya freti (vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo) iliyokatwa bila kukosea hata nusu milimita, hiyo huipati kwa fundi wa vitanda hata awe hodari namna gani.

Kifurushi tulichokipima ni cha mtindo wa Telecaster, gitaa ambalo kampuni ya Fender ya Marekani ililiingiza sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1950 na ambalo bado ndilo rahisi kuliko yote kuunda kwa mikono: ubao mmoja bapa, shingo inayofungwa kwa skrubu nne, pikapu mbili, poti mbili (vizungushio vya sauti na toni), swichi moja. (Pikapu hapa ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba ili zinase mtetemo wa nyuzi. Zile za kubeba viazi kutoka Kinangop ni habari nyingine.) Sanduku halina jina la kampuni. Vifurushi vya namna hii huuzwa kwa majina chungu nzima, na bei ya ng'ambo mara nyingi ni kati ya dola 90 na 150. Ongeza usafiri wa mzigo wa kilo nne au tano, ushuru, na VAT ya asilimia 16, na usishangae gharama ikikaribia mara mbili kabla hujashika bisibisi.

Shingo kwanza

Itoe kwenye plastiki uiache ndani ya nyumba wiki mbili bila kuifanyia chochote. Mbao husinyaa kwa upana hewa inapokauka, ila chuma cha freti hakisinyai. Nairobi ya Januari na Februari ni kavu, na ndiyo maana baada ya siku chache ukipitisha kidole ukingoni utahisi meno ya msumeno. Kwenye hii yetu ncha zilichomoza upande wa nyuzi nyembamba, kutoka freti ya 5 hadi ya 12. Dawa yake ni kubandika tepu ya karatasi juu ya ubao wa shingo, kulaza tupa laini kwa pembe ya kama digrii 35, kuivuta kwa urefu wa shingo, kisha kumalizia na msasa namba 400. Ukikimbilia kuzikata kabla mbao haijatulia, mwezi ujao zitachomoza tena na utairudia kazi ile ile.

Ugonjwa mkubwa wa shingo za bei hii ni freti zisizolingana kimo. Tafuta kipande cha chuma kilichonyooka, kirefu cha kufunika freti tatu tu, ukitembeze kutoka juu hadi chini. Kikicheza kama kiti chenye mguu mfupi, freti ya katikati imeinuka. Tulikuta tatu: ya 14, ya 15 na ya 17. Kwa anayepiga chodi tatu kanisani huenda zisimsumbue maisha yake yote. Kwa anayepiga benga hilo ni tatizo kubwa, maana solo ya benga inakaa huko huko juu, noti zikimiminika mbiombio, na freti ya 14 ikiwa ndefu kupita kiasi noti ya freti ya 13 itakwaruza au itakufa.

Usianze na tupa. Pengine freti haijaketi tu. Weka mto wa mbao chini ya shingo, ipige mara mbili kwa nyundo ya plastiki, upime tena. Ya 17 ilitii. Zile mbili zilizogoma zinasawazishwa pamoja na nyingine zote: nyoosha shingo kwa kuzungusha chuma cha ndani mpaka rula ndefu ilale bila pengo, paka wino wa maka juu ya kila freti, bandika msasa namba 400 kwenye pande la chuma bapa la sentimita 40, uliteleze kwa urefu wa shingo bila kulikandamiza. Wino ukishaguswa kwenye freti zote, acha. Mpito wa ziada unakula chuma usichoweza kukirudisha. Freti sasa zina vichwa bapa, na freti bapa hutoa sauti ya kuzizima kama waya wa ua ukipigwa. Zirudishie mviringo kwa tupa ya pembetatu ambayo kingo zake umezisaga zisikwangue mbao, kisha msasa namba 600, 1000, 2000, na Brasso kwa kitambaa. Jumla ni saa tano au sita za kazi. Hakuna sehemu nyingine ya kifurushi inayolipa jasho namna hii.

Kuna kitu kinaitwa nati, na si ile ya bolti. Ni kile kipande kilicho mpakani mwa shingo na kichwa, chenye mifereji sita ya kupitishia nyuzi. Hapa kilikuwa cha plastiki yenye uwazi ndani, na mifereji yake ilikuwa juu mno, kwa hiyo ukibana freti ya 1 uzi unavutika na chodi ya E inasikika kama imelewa ijapokuwa kila uzi umetuniwa sawa. Kitupe. Mfupa wa ng'ombe ndio nati bora, na Nairobi mfupa si kitu cha kuagiza ng'ambo. Chukua mfupa wa mguu buchani, uchemshe, ukwangue nyama na uboho, uuloweke kwenye maji ya sabuni siku kadhaa ukiyabadilisha hadi mafuta yaishe, kisha uukaushe kivulini. Mafuta yakibaki, mfupa utageuka manjano na gundi haitashika. Asiyetaka harufu jikoni anunue kipande kilichosafishwa kwa mafundi wanaochonga vipuli na bangili za mifupa. Vipimo vya nati hii vilikuwa urefu milimita 42 na unene 3.2. Mifereji ichongwe polepole: bana uzi kwenye freti ya 3, uangalie upenyo uliobaki juu ya freti ya 1. Ukitosha karatasi moja ya daftari, umefika. Uzi ukigusa freti, umepita, na itabidi uanze mfupa mwingine.

Funguo za kukazia nyuzi zina uchezaji kidogo, lakini hazitelezi. Tuni kwa kupanda, usitue kwenye noti ukishuka, nazo zitakutosha mwaka wa kwanza.

Ubao unaoumia kwa ukucha

Kiwiliwili ni cha baswudi, mbao nyeupe, laini, nyepesi: kilo 1.9 kwenye mizani. Hailalamiki kukatwa wala kupakwa rangi. Tatizo ni kwamba ukucha unaacha alama. Shimo dogo la kugongwa linaweza kuponywa: weka kitambaa kibichi juu yake na ukiguse kwa ncha ya pasi ya moto sekunde chache, mvuke utazivimbisha seli zilizobonyea. Mkwaruzo uliokata mbao hauponi hivyo, huo unataka fila.

Kabla ya yote dondosha maji tone moja juu ya ubao. Likijikunja kama shanga, kiwanda kimeshapaka kizuizi chembamba na rangi ya kupenyeza haitaingia. Likinywewa, mbao iko uchi. Hiki chetu kilikuwa na madoa ya gundi pembeni ambayo hayaonekani mpaka upake rangi ya kupenyeza, ndipo yanapotokea meupe kama choa. Nunua rangi nzito isiyoonyesha mbao, au ukubali kusaga kila kona kwa msasa namba 120.

Kisha unganisha gitaa zima bila rangi. Wengi huruka hatua hii na ndiyo inayowaliza. Ingiza shingo kwenye kitako chake, yaani lile shimo la kiwiliwili linaloipokea, funga uzi wa kushonea kutoka kwa nati hadi kwenye daraja (chuma kinachoshika nyuzi upande wa kiwiliwili) pande zote mbili, utazame kama umbali wa kila uzi kutoka ukingo wa shingo ni sawa kwenye freti ya 12 na ile ya mwisho. Kitako chetu kilikuwa kipana kwa milimita 0.8, kwa hiyo shingo ilikuwa ikiyumba kushoto na kulia. Kipande cha vinia, ubao mwembamba kama karatasi, upande mmoja kiliituliza.

Halafu daraja. Kipimo cha nyuzi kwa mtindo huu ni milimita 648, yaani 324 kutoka kwa nati hadi freti ya 12, na 324 nyingine kutoka hapo hadi kwenye kiti cha uzi mwembamba, yaani kile kipande cha daraja ambacho uzi unakaa juu yake. Nyuzi nene zinahitaji kurudi nyuma milimita mbili hadi nne zaidi. Matundu ya daraja yaliyotobolewa kiwandani yalikuwa yameenda nyuma kwa milimita 3, na hapo hata skrubu za viti zikilegezwa hadi mwisho, noti za juu zingebaki chini ya toni daima. Ziba matundu kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi, lala nayo, toboa upya. Ukigundua kosa hili baada ya kupaka rangi, utatamani kulia.

Skrubu za shingo zinaingia mbao ngumu. Toboa milimita 3 kwenye shingo, 4.5 kwenye kiwiliwili ili skrubu ipite bila kushika, na uzipake sabuni ya mche kabla ya kukaza. Zilizokuja na kifurushi ni za chuma laini: moja ilikatika kichwa. Badilisha zote nne, hadiwea yoyote inazo.

Je, uache kiwiliwili cha kifurushi na kukata chako? Kama unajua kutumia mashine ya kuchimbia mbao, ndiyo. Mvule ni mzuri wa kutazama lakini gitaa litafika karibu kilo nne na nusu na vumbi lake linawasha pua na ngozi, vaa barakoa. Mahogani ni nyepesi kidogo, ila ina vitundu vinavyohitaji kuzibwa. Sipresi, ile ya makabati ya jikoni, inapuuzwa bure: nyepesi, bei yake nafuu, sauti wazi. Uliza iliyokauka. Mbao ya juzi itapinda na kitako cha shingo kitapinda nayo.

Rangi na mawingu

Kifurushi hakiji na rangi, na maelezo yake ya ukurasa mmoja yanasema tu "paka upendavyo". Hapo ndipo wengi huharibu.

Anza na msasa: 120, 180, 240, 320, daima kwa kufuata mkondo wa mbao. Baada ya 240 futa kwa kitambaa chenye maji ili vinyweleo visimame, subiri ikauke, ndipo 320. Pembe kali zizungushwe kama milimita 3, kwa sababu laka hukimbia pembe kali na msasa wa mwisho hupasua hapo hapo. Sehemu za mwisho wa mkondo, yaani pale chini kwenye makalio ya gitaa na ndani ya pembe, hunywa kama mchanga. Zipe sila, ile ya kuziba vitundu vya mbao, mara mbili kabla ya kupaka mwili mzima.

Mafundi wa samani wa Ngong Road wanatumia sila na laka za nitroselulosi, na hizo zinafaa kabisa. Mikono (yaani mipako) mitatu ya sila, msasa namba 320 kati yake, kisha rangi, kisha laka nyangavu mikono minane hadi kumi, mitatu kwa siku, ikipishana saa mbili. Punguza kwa thina inayoenda na laka hiyo. Thina ya bei ya chini kabisa huacha mawimbi.

Ukitaka rangi ya gari, maduka ya Kirinyaga Road watakuchanganyia kwa namba ya rangi ya gari lolote unalolipenda. Uliza ni rangi ya aina gani kabla ya kulipa. Laka ya nitroselulosi juu ya rangi ya mafuta, ile ya milango na madirisha, itaikunja kama ngozi ya maziwa, kwa sababu thina kali inaamsha rangi ya chini ambayo haijakomaa. Jaribu kwanza kwenye kipande cha ubao kilichokatwa kutoka mbao ile ile. Na laka ya magari yenye kikaushio, ile ya makopo mawili, usiipige nyumbani: kikaushio chake kina aisosayaneti, sumu ya mapafu ambayo barakoa ya kitambaa haiizuii. Mpelekee fundi wa kupiga rangi magari mwenye chumba na vifaa, umlipe. Kwa kiwiliwili kimoja ni kazi ya pembeni kwake, na mng'ao utakuwa wa kioo.

Sasa hali ya hewa. Aprili na Novemba laka hugeuka nyeupe kama imepakwa maziwa. Thina inapopaa haraka inaupoza uso wa mbao, unyevu wa hewani unaganda juu yake na kunaswa ndani ya laka. Puliza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku kavu. Ikishatokea, mara nyingi mpulizo mwembamba wa thina ya kuchelewesha ukaukaji siku ya jua huufungua uso na ukungu ukatoka. Julai hakuna mvua kubwa lakini kuna baridi, na laka hukawia. Acha gitaa wiki nne baada ya mkono wa mwisho. Nusa kitako cha shingo: kikinuka thina, bado. Kisha msasa wa maji namba 800, 1000, 1500, 2000 na tone la sabuni, ukimaliza na kampaundi ya magari.

Anayeishi ghorofani bila pa kupulizia asikate tamaa. Shelaki iliyoyeyushwa kwa spiriti, ile frenchi polishi ya mafundi, inapakwa kwa kitambaa na haina purukushani. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa pia yanafaa kwa sipresi na mvule, ila matambara yake yana hatari: yakirundikwa hupata joto yenyewe na kuwaka. Yatandaze nje moja moja au uyatumbukize majini.

Nyuma ya shingo usiweke mng'ao. Mikono mitatu ya laka iliyofifishwa inatosha, vinginevyo kiganja chenye jasho kinanata. Na ukitumia pamba ya chuma kufifisha, fanya hivyo pikapu zikiwa chumba kingine, maana vipande vyake vidogo hurukia sumaku na kutoka kwake ni kazi.

Umeme

Pikapu zenyewe si mbaya. Ya daraja ina ukali unaotakiwa, ya shingo ni butu kidogo. Kilichobaki ni cha kutupa: poti ndogo za kilo-omu 500 badala ya 250 zinazofaa pikapu za koili moja, swichi inayokoroma, na soketi ya waya iliyoshikiliwa na kibanzi cha chuma kinacholegea baada ya kuchomekwa mara ishirini. Luthuli utapata poti nzuri zaidi, lakini 250 ya aina A, ile ya kupimia sauti, si kila duka linayo. Ukiikosa, chukua 500 na ulehemu rezista ya kilo-omu 470 kati ya miguu miwili ya pembeni. Kwa pamoja zinatoa 242, na sikio halitajua. Ukinunua poti kubwa, panua matundu ya sahani ya chuma kwa tupa ya mviringo. Kapasita iandikwe 473, yaani maikrofaradi 0.047.

Waya wa ardhi unaopita chini ya daraja ndio chanzo cha malalamiko mengi ya kelele. Ukipaka laka chini ya daraja na kuulaza waya juu yake, haugusi chuma. Kwangua laka hapo hadi mbao, kisha weka mita mguu mmoja kwenye uzi na mwingine kwenye chuma cha nje cha soketi. Isome chini ya omu 1. Pikapu zote mbili zikiwashwa pamoja na sauti ikawa nyembamba kama redio ya mbali, zinapingana: geuza nyaya mbili za pikapu ya daraja, ukitenganisha kwanza sahani yake ya chini na waya hasi. Tepu ya shaba ndani ya mashimo inapunguza mvumo, haiumalizi. Koili moja huvuma, na karibu na taa za kupunguza mwanga itavuma zaidi.

Marekebisho ya mwisho hayana siri. Nyuzi za 10 hadi 46, yaani unene kwa sehemu za elfu za inchi. Pengo la milimita 0.2 kati ya uzi na freti ya 7 ukibana ya 1 na ya mwisho. Kimo cha milimita 1.6 kwa uzi mwembamba na 2 kwa mnene juu ya freti ya 12. Viti vya daraja vikishuka hadi chini na nyuzi bado ziko juu, weka kipande cha vinia cha robo milimita kwenye kitako, upande wa ndani unaoelekea daraja, shingo italala nyuma. Chuma cha ndani kizungushwe robo mzunguko kwa siku.

Kwa hiyo nani anunue? Mwenye subira ya miezi miwili na tupa nzuri. Anayetaka gitaa la kupiga Jumapili ijayo akatafute la mtumba. Na kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha tatu: shingo ikitazamwa kwa urefu kutoka kichwani, kitako cha shingo kikiwa na rula ndani yake, na umbali wa milimita 324 kutoka freti ya 12 hadi kwenye daraja. Akikutumia picha ya tangazo, tafuta muuzaji mwingine.